Siku Tatu Nikilitafuta Waridi la Mama Mghoi

Wenzangu wa kwaya, jana mazoezini mliniuliza nimepigana na paka gani, maana mikono yangu yote miwili ina mikwaruzo hadi kwenye viwiko. Nikasema ni habari ndefu. Mkasema mna muda. Kisha mwalimu akaita sauti ya pili na habari yenyewe ikabaki mdomoni. Basi nimeamua kuwaandikia. Someni mara moja na msiniulize tena, kwa sababu kila nikiikumbuka safari hii kichwa kinaniuma upya.

Voi, kabla sijatoka

Mnajua Mama alihamia kwangu mwaka jana macho yake yalipoanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho. Mwanga na vivuli anaona, sura za watu haoni. Aliteremka kutoka Wundanyi na begi moja la nguo, Biblia ya maandishi makubwa ambayo hawezi tena kuisoma, na debe lililopandwa waridi. Rosi, kama tunavyosema nyumbani. Lilikuwa kichaka kifupi chenye miiba midogo iliyobanana kama brashi ya kusugulia sufuria, na maua ya pinki yaliyojaa petali hadi yanainama. Harufu yake ilifika barabarani. Mama aliliweka kando ya mlango wa jikoni, akaweka na kiti chake hapo, na kila asubuhi alikaa akinusa na kuwasalimia wapita njia kwa kuzijua sauti zao.

Mimi ndiye niliyeliua. Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa mwingine. Mtunza bustani mmoja wa hoteli aliniambia matawi yanayochipuka kutoka chini ya udongo ni mwitu, yanakula nguvu ya waridi, niyang'oe yote. Nami nikayang'oa kwa bidii ya mtu mjinga, kila Jumamosi, miezi mitatu. Matawi ya zamani yaliyobaki yakakauka moja moja kwa joto la hapa, hadi debe likawa na vijiti tu. Nikavitupa. Siku moja Mama alilipapasa debe akalikuta tupu. Alibeba kiti chake akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakukaa nje tena.

Nilidhani dawa ni rahisi. Nikaenda kwa wauza miche wa kando ya barabara nikanunua waridi jekundu, refu, zuri kweli. Mama akalinusa, akalinusa tena.

"Ni zuri," akasema, kama mtu anayesifu mtoto wa jirani. "Mimi nilizoea la Mama Mghoi."

Jioni hiyo nikamsikia kwenye simu akiongea na mjomba, kaka yake. Alikuwa anamwomba aje Jumapili na gari amrudishe Wundanyi. Kwenye nyumba iliyofungwa mwaka mzima, yenye ngazi za mawe na mteremko hadi mtoni, akae peke yake na macho yale! Nikamwambia haiwezekani. Akaniambia yeye si mtoto wa kuombewa ruhusa. Nilijua akienda, siku moja nitaitwa kumwokota chini ya zile ngazi.

Kwa hiyo nilikuwa na siku sita za kulipata waridi la Mama Mghoi. Mama Mghoi ni rafiki yake Mama, waliishi ua kwa ua Wundanyi tangu mimi sijazaliwa, kisha akahamia kwa watoto wake. Nilimpigia simu. Mteja hapatikani. Mama akasema, "Hiyo namba haijashika tangu mwaka juzi," nami nikaguna tu, nikaanza kutafuta gari. Shule zimefungwa na ofisini kwetu shuleni hakuna kazi, basi Jumatatu asubuhi nikaondoka.

Voi hadi Wundanyi

Mwalimu mmoja wa shule yetu, Mwandoe, alikuwa anapanda mlimani na gari lake akasema nikae mbele, baada ya saa moja na nusu tutakuwa tumefika. Hakuniambia kwamba ana godoro la kumpelekea dada yake, wala kwamba godoro lenyewe liko Mwatate kwa fundi ambaye hajalishona. Tulikaa kwa fundi saa mbili na nusu. Mwalimu alikunywa chai na kumsifu fundi kwa kutokuwa na haraka. Kisha tukalifunga godoro juu ya gari kwa kamba ya mbuzi, na kwenye kona ya tatu ya kupanda likaruka likaingia shambani kwa watu, katikati ya migomba. Mwenye shamba hakutaka kutuachia hadi amwite mkewe aje aone. Mkewe akaja, akaona, akacheka, akatuletea mahindi ya kuchoma. Hayo mahindi ndiyo kitu pekee cha siku ile nisichokilalamikia.

Wundanyi nilifika saa tisa. Nyumba ya zamani ya Mama Mghoi ina wapangaji sasa, kijana na mkewe. Mke alinipokea vizuri.

"Ah, zile flowers? Ziko huko nyuma. Mimi huzikata, zinashika nguo nikianika."

Nilikimbia nyuma ya nyumba. Waridi lilikuwepo, limetambaa juu ya ukuta wa choo hadi paani, lina maua meupe kama mia. Nikaingiza mikono yote miwili kulivuta, na hapo ndipo nilipopata mikwaruzo ya kwanza. Nikanusa. Hakuna kitu. Lilinuka choo.

"Hilo silo," sauti ikasema kutoka upande wa pili wa ua.

Alikuwa Mzee Mwakio, jirani, ambaye alitunza bustani za nyumba za serikali hadi alipostaafu. Aliniuliza natafuta rosi gani. Nikamwambia la Mama Mghoi.

"Mama Mghoi alikuwa na manne."

"Lile linaloitwa rosi la Mama Mghoi."

"Kwa nani?"

Nikamwambia kwa mama yangu. Akatikisa kichwa kwa huruma ya mwalimu mbele ya mwanafunzi wa mwisho. Halafu akanieleza jambo nililoishi nalo tangu utotoni bila kuliangalia. Mlimani, waridi haliitwi kwa aina yake. Linaitwa kwa mtu aliyekupa kijiti. Ukipewa na Mama Mghoi ni la Mama Mghoi, na yeye kama alipewa na mke wa mchungaji, kwake ni la mke wa mchungaji. Waridi moja lina majina kumi kwa nyumba kumi, na mtu mmoja akitoa aina nne, zote nne zina jina lake. Hebu niambieni, huo ni utaratibu gani? Madukani wanaandika kibandiko.

"Sasa hilo la mama yako lilikuwa vipi?" Mzee akauliza.

Nilianza kumwelezea rangi. Akanikatiza. Rangi hainisaidii kitu, akasema, rangi ni nguo tu. Akanishika kiwiko akanizungusha bustanini kwake nikiwa na njaa na kiatu kimoja kimejaa maji. Hili hapa linatoa ua moja juu ya kila tawi, limesimama wima, ndilo la kuuzwa. Lile linatoa vishada, maua mengi madogo kwa pamoja, linavumilia mvua. Lile la choo ni la kupanda, usipolipa ukuta litatafuta mti. Hili la kwenye mkebe ni dogo na litabaki dogo, usilionee huruma ukalipa mbolea. Kila aina alinilazimisha niishike miiba kwa kidole, maana miiba ndiyo isiyodanganya.

"Na kuna ya kizamani," akasema. "Miiba kama brashi, petali zimejaa, harufu mpaka kwa jirani."

"Hilo ndilo! Unalo?"

"Lilikuwa pale palipojengwa hicho choo."

Nilikaa chini kwenye nyasi. Alinihurumia kidogo, akaniuliza la Mama lilikufaje. Nikamsimulia habari za yule wa hoteli na machipukizi niliyoyang'oa. Mzee akavua kofia yake.

"Hakukudanganya. Alikufundisha habari za rosi lingine. La dukani limeunganishwa, juu rosi, chini mzizi wa porini. Kinachotoka chini unang'oa. La mama yako lilipandwa kwa kijiti, juu na chini ni lile lile. Ulikuwa unang'oa watoto wake."

Nililia pale pale, na sioni haya kuwaambia. Mzee akaniacha nilie, kisha akasema Mama Mghoi alipohamia kwa binti yake huko Rukanga alibeba vijiti vyote vinne kwenye ndoo. Nililala kwa wale wapangaji. Walinipa chumba chao na wao wakalala sebuleni, na asubuhi mke akaniuliza kama akiacha kulikata lile la ukutani litaacha kushika nguo. Nikamwambia halitaacha.

Wundanyi hadi Rukanga

Mkiangalia ramani mtasema si mbali. Msiangalie ramani. Niliteremka hadi Voi, nikapita karibu kabisa na nyumba yangu mwenyewe bila kuingia, nikafika Maungu, na hapo nikangoja. Kulikuwa na lori la kupeleka simenti Rukanga ambalo linaondoka sasa hivi. Sasa hivi ya kwanza ilikuwa saa nne. Ya mwisho ilikuwa saa saba unusu.

Katikati ya njia tukasimama tena, ndovu wanavuka. Walikuwa kumi na kitu na hawakuwa na shida yoyote duniani. Mmoja alisimama katikati ya barabara akijimwagia vumbi, na dereva akazima injini, akatoa mkate na soda, akaanza kula. Nikamuuliza tutangoja hadi lini. Akaniambia nimuulize yeye mwenye barabara.

Nilifika kwa Mghoi, binti wa Mama Mghoi, jua limeanza kupoa. Nilikuwa mweupe kwa simenti, macho mekundu, nimebeba begi na gunia tupu. Mghoi hatujaonana tangu tukiwa wasichana. Alinitazama, akaweka chini beseni la nguo, akasema polepole, "Wakesho. Karibu. Kaa kwanza."

Akatoka. Nikasikia akiita jirani. Jirani akaita mwingine. Baada ya muda benchi mbili zikaletwa, wanawake wanne wakaingia wakanipa mkono bila kusema kitu, wakaketi na khanga zao kichwani. Mimi nikadhani ni ugeni wa kawaida wa watu wenye adabu. Nikaletewa maji, nikaletewa kimanga cha maharagwe na ndizi kilichopondwa vizuri, na kila nilipofungua mdomo kueleza kilichonileta mmoja wao alisema, "Kula kwanza, dada. Mwili unahitaji."

Nilipomaliza, Mghoi akavuta pumzi. "Haya. Tuambie. Lini?"

"Lini nini?"

"Mazishi ni lini?"

Kumbe mtu akitoka Voi bila kupiga simu, na uso kama ule, kwao ana ujumbe wa aina moja tu. Walikuwa wameshamlilia mama yangu moyoni. Nikasema Mama ni mzima, nimekuja kutafuta ua. Hapo nikaharibu zaidi, kwa sababu mmoja akauliza ua la jeneza. Ilichukua muda kuwaelewesha. Waliponielewa hawakucheka. Walikasirika, na kusema kweli wana haki. Mmoja akachukua benchi yake akaondoka nayo.

Na Mama Mghoi je? Hayupo Rukanga. Alikaa pale miezi michache, akahamia kwa mwanawe Mwadime huko Makwasinyi, na ndoo yake ya vijiti. Simu yake? "Kule nyuma ya mlima alikojenga Mwadime hakuna mtandao," Mghoi akasema. "Mpaka upande juu ya mwamba."

Rukanga hadi Makwasinyi

Asubuhi nilipanda bodaboda. Tairi likatoboka mara ya kwanza, likazibwa. Likatoboka mara ya pili, na kijana akaniambia gundi imekwisha. Nilitembea saa nzima mlima Kasigau ukiwa umesimama mkono wangu wa kushoto, nikiulaumu na wenyewe.

Mama Mghoi nilimkuta ameketi kwenye mkeka kivulini mwa ghala, anachambua kunde. Mbele ya mlango, wenzangu, mawaridi manne. Jeupe limepanda juu ya paa la ghala. Jekundu la vishada. Dogo ndani ya mkebe wa maziwa. Na mwishoni kichaka kifupi chenye miiba kama brashi, na kabla sijalifikia harufu ilinijia.

Aligeuza uso. "Ni nani huyo?"

"Ni Wakesho, Mama. Binti wa rafiki yako wa Wundanyi."

Alinishika mikono yote miwili akakaa nayo. Akaniuliza habari za Mama. Nikajibu hajambo, macho tu. Akaniuliza bado anaimba? Nikasema anaimba. Akauliza anakula vizuri? Nikasema anakula, kisha nikatoa kisu na gunia.

"Rosi halikatwi jua likiwa hivi," akasema. "Kijiti kitakufa kabla hujafika. Ngoja jua lishuke. Kaa tuongee."

Ilikuwa saa sita. Gari la mwisho la kutoka lilikuwa linaondoka saa nane. Nilimweleza hivyo, kwa adabu, mara tatu. Kila mara alijibu ngoja lishuke. Niliona huyu mama ananitesa kwa makusudi. Basi nikapanda mwamba ule wenye mtandao kumtafuta mtu wa kunibeba baadaye. Simu zikakatika, nikapanda juu zaidi, nikapiga tena, nikagombana na dereva wa pikipiki kutoka Bungule ambaye hakunielewa niko wapi. Nilikaa juu ya jiwe lile karibu mchana mzima. Chini niliona kilemba cha Mama Mghoi, na kikombe cha pili alichokiweka kwenye mkeka, upande usio na mtu.

Niliposhuka jua lilikuwa limeshuka pia. Nikakata haraka haraka, vijiti sita kwa kila waridi, yote manne, maana sikutaka tena kuambiwa hilo silo. Alinielekeza nikate chini ya jicho la tawi, pale panapochipuka jani, kwa mshazari, nisiache ua hata moja. Tukaloweka gunia, tukafunga. Pikipiki ikapiga honi. Mikono yangu ilikuwa inatoka damu, na nilikuwa na furaha ya kwanza tangu Jumatatu.

Kurudi Voi

Nilifika nyumbani usiku, Mama akiwa kwenye kochi, redio imezimwa. Sikuvua hata viatu. Niliweka gunia mapajani mwake nikalifungua.

Aliingiza vidole. Alitoa kijiti cha kwanza, akapitisha kidole gumba juu ya miiba. "Hili la kupanda. Alipewa na mke wa mwalimu mkuu." Cha pili. "La vishada." Cha tatu akakirudisha akisema hicho ni cha watoto. Cha nne alikishika muda mrefu. Akakwaruza gamba kwa ukucha, akanusa, na uso wake wote ukalegea.

"Ndilo?" nikauliza.

"Ndilo."

Nilikaa kwenye sakafu, mgongo ukutani. Siku tatu. Nilitaka kulala pale pale.

"Bado anaona?" Mama akauliza.

"Nani?"

"Mama Mghoi. Macho yake yalianza kabla ya yangu."

Nikakumbuka akiniuliza ni nani huyo, nikiwa hatua mbili mbele yake. "Sijui, Mama."

"Magoti?"

"Alikuwa ameketi."

"Mwadime amempa chumba chake mwenyewe, au analala na wajukuu?"

"Sikuingia ndani."

"Alikuambia nini?"

Nilifikiri. Nilifikiri kwa kweli, nikitafuta kitu kimoja cha kumpa. "Aliniambia nikate chini ya jicho, kwa mshazari."

Alikuwa bado ameshika kile kijiti.

"Mwaka wa pili simpati kwenye simu," akasema. "Sikujua kama yuko hai. Nilikuwa nikikaa pale mlangoni nalinusa nasema, basi, leo niko naye. Wewe umekaa naye mchana kutwa."

Nilimwambia pole. Lilitoka vibaya. Nikamwambia kuhusu mwamba na mtandao, na kile kikombe cha pili.

"Mpigie mjomba wako," Mama akasema. "Mwambie Jumapili aje."

Nilijua imekwisha. Mikwaruzo yote ile, na bado anaondoka. Nikamuuliza kwa sauti ya chini nimpangie nguo zipi za kupeleka Wundanyi.

"Wundanyi kufanya nini? Aje anipeleke Makwasinyi. Na wewe uje, uone jinsi mtu anavyotembelewa."

"Halafu?"

"Halafu anirudishe hapa." Akanisukumia gunia. "Nani atavimwagilia maji hivi? Wewe?"